Tume ya Sayansi na Teknolojia: Safari ya Wazo hadi Kuwa Chombo

Ukisafiri kwa basi kutoka Mwenge kwenda Morocco, katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, utamsikia kondakta akitaja vituo kimoja baada ya kingine. Kituo kimojawapo huitwa Sayansi. Watu wengi hupanda na kushuka hapo kila siku. Je, umewahi kujiuliza kwa nini kituo cha basi kikaitwa kwa jina la somo unalosoma darasani?

Jibu liko kando ya barabara hiyo ya Ali Hassan Mwinyi, mahali paitwapo Kijitonyama. Hapo pamejengwa jengo la Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Watu wengi huijua Tume hiyo kwa jina lake la kifupi, yaani COSTECH.

Katika somo hili utajifunza mambo matatu. Kwanza, utajifunza tofauti iliyopo baina ya sayansi, uhandisi na teknolojia. Pili, utajifunza jinsi taifa letu lilivyounda chombo cha kuendeleza mambo hayo. Tatu, utaona kwa nini wazo zuri peke yake halitoshi, na ni kazi gani inayohitajika ili wazo hilo limfikie mtu anayelihitaji.

1. Sayansi, uhandisi na teknolojia

Hapana shaka umekwisha kuona jiko la mkaa. Pengine lipo nyumbani kwenu. Hebu tulitazame jiko hilo kwa makini, kwani litatusaidia kuelewa maneno yetu matatu.

Jiko la zamani lilitengenezwa kwa bati tupu. Fundi alikata bati, akalikunja, akalitoboa matundu ya kupitisha hewa, akaliwekea miguu. Mpishi aliyekaa karibu na jiko hilo alihisi joto kali miguuni. Joto hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika mkaa uliokuwa ukiwaka. Lakini badala ya kupanda juu na kuivisha chakula, sehemu kubwa ya joto ilipita katika bati na kupotea hewani.

Bati ni metali. Metali hupitisha joto upesi. Udongo uliochomwa hupitisha joto polepole. Kuujua ukweli huu, na kuuthibitisha kwa majaribio, ni sayansi.

Sasa, mtu anayeujua ukweli huo anaweza kufikiri hivi: "Nikiweka udongo uliochomwa ndani ya bati, joto halitapotea upesi." Wazo hilo ni jema. Hata hivyo, maswali mengi yanabaki. Udongo uwe mnene kiasi gani? Uchomwe kwa joto gani usije ukapasuka? Utashikana vipi na bati? Matundu ya hewa yawe mangapi? Jiko liwe na umbo gani ili udongo usidondoke? Kuyajibu maswali hayo kwa vipimo na hesabu, mpaka jiko lifanye kazi kama ilivyokusudiwa, ni uhandisi. Mtu mwenye elimu ya kazi hiyo huitwa mhandisi.

Jiko likisha kupatikana, pamoja na maarifa ya kulitengeneza, kulitumia na kulikarabati, hayo yote kwa pamoja huitwa teknolojia.

Jiko la namna hiyo lilibuniwa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi nchini Kenya walichukua wazo la jiko la udongo lililokuwa likitumika Thailand, huko Asia. Wakaliunganisha na jiko la bati lililozoeleka Afrika Mashariki. Majaribio ya mwanzo yalikuwa na kasoro: udongo ulipasuka, au ulibanduka katika bati. Wakabadili umbo la jiko, likawa jembamba katikati kama kiuno, ili udongo ukae sehemu ya juu na kushikiliwa vizuri. Baadaye majiko kama hayo yaliingia Dar es Salaam, yakaitwa majiko bora. Yanatumia mkaa mchache kuliko jiko la bati tupu.

Je, jambo hilo lina faida gani kwa taifa? Mkaa unaotumika Dar es Salaam hutoka katika misitu ya Pwani, Morogoro na mikoa mingine. Mama wa Tandika au Manzese akitumia mkaa mchache, fedha yake hubaki mfukoni. Na kila gunia lisilohitajika ni mti uliosalimika. Udongo kidogo tu ndani ya bati umeleta manufaa jikoni na msituni.

2. Ufundi si mgeni kwetu

Watu wengine hudhani kwamba teknolojia ililetwa Afrika na wageni. Fikira hiyo si sahihi.

Katika Mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria, wachunguzi wa mambo ya kale wamegundua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Baadhi ya tanuri hizo zina umri wa miaka ipatayo 2,000. Wafuaji wa huko walijenga tanuri kwa udongo. Walipuliza hewa kwa viriba na kuipitisha katika mifereji ya udongo, wakapata joto kali la kuyeyusha mawe yenye chuma. Wafipa, katika nyanda za Rukwa, nao walijenga tanuri ndefu za namna yake. Watu wa pwani waliunda majahazi na mitumbwi iliyovuka bahari.

Mafundi hao hawakuandika vitabu. Baba alimfundisha mtoto, na mtoto akamfundisha mjukuu. Njia hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Majembe ya bei nafuu yalipoletwa kutoka Ulaya, wafuaji waliacha kazi yao. Wazee walipofariki, sehemu kubwa ya ujuzi wao ilifariki pamoja nao.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Ujuzi usiohifadhiwa na kuendelezwa hupotea. Taifa linalotaka kusonga mbele halina budi kuwa na mahali pa kutunza ujuzi, kuupima, na kuukuza.

3. Wahandisi wawili

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Waingereza walikuwa wameitawala nchi kwa zaidi ya miaka 40. Je, waliacha wahandisi wangapi wazalendo? Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu, alieleza kwamba walikuwapo wahandisi wawili tu waliosomea kazi hiyo, na madaktari 12.

Hebu fikiri. Wahandisi wawili kwa nchi nzima! Barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, madaraja, mabomba ya maji, mitambo ya umeme, viwanda: ni nani angesanifu vyote hivyo? Ilibidi wataalamu waletwe kutoka nje. Mashine nazo zililetwa kutoka nje. Mashine ikiharibika, kipuri chake pia kiliagizwa kutoka nje.

Serikali ilianza kurekebisha hali hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuwafundisha vijana. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1957, kiliendelea kutoa mafundi. Mwaka 1973 kitivo cha uhandisi kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huko Mlimani. Kwa mara ya kwanza kijana wa Kitanzania aliweza kusomea uhandisi hadi shahada bila ya kutoka nchini mwake.

Njia ya pili ilikuwa kuunda vyombo vya kusimamia utafiti. Utafiti maana yake ni kulichunguza jambo kwa utaratibu ili kupata ukweli wake. Mwaka 1968 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi. Kwa kifupi Baraza hilo liliitwa UTAFITI. Lilianza kazi mwaka 1972. Kazi yake kubwa ilikuwa kuratibu utafiti wa sayansi nchini, yaani kuhakikisha kwamba watafiti wanafanya kazi kwa utaratibu na kwa manufaa ya taifa.

4. Miaka ya kujenga

Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya kujenga viwanda. Wakati huo eneo la Ubungo, ambalo sasa ni wilaya kamili, lilikuwa sehemu ya Kinondoni. Hapo palijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, na kiwanda cha zana za kilimo kilichotengeneza majembe. Vyote viwili vilijengwa kwa msaada wa China. Huko Temeke, mitaa ya Chang'ombe na Keko ilijaa karakana za vyuma na mbao.

Viwanda vilihitaji wasaidizi wa namna mbalimbali. Kwa hiyo vyombo vingine vya taifa viliundwa, kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1973 liliundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Shirika hili huwasaidia mafundi na wenye viwanda vidogo kupata mafunzo, mashine na mahali pa kufanyia kazi. Mahali pamojawapo ni mtaa wa viwanda wa Vingunguti.

Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya kuunda Shirika la Viwango, yaani TBS, ambalo makao yake yako Ubungo. Shirika hili huweka vipimo na viwango vya bidhaa. Mathalani, hupima kama waya wa umeme ni salama, au kama saruji ina nguvu inayotakiwa.

Kisha likatokea jambo lililozishtua nchi zetu. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimeungana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na zilishirikiana katika utafiti. Shirika la utafiti wa viwanda la Jumuiya lilikuwa na makao yake Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya hiyo ilivunjika. Kila nchi ikabaki peke yake. Viwanda vya Tanzania havikuwa tena na maabara ya pamoja ya kuvisaidia.

Mwaka 1979 Tanzania ikaunda Shirika lake la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, yaani TIRDO. Makao yake yako Msasani, katika Wilaya ya Kinondoni. Huko Arusha vikaundwa vyombo viwili zaidi: kimoja cha kusanifu mitambo ya viwanda, kwa sheria ya mwaka 1980, na kingine cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kwa sheria ya mwaka 1981.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa upya baadaye, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1999. Lakini fundisho la mwaka 1977 halikusahauliwa: ushirikiano ni mwema, na kila nchi inahitaji pia kuwa na wataalamu wake.

5. Mwaka mashine ziliposimama

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi yetu ilipita katika kipindi kigumu. Bei ya mafuta ilipanda sana duniani. Vita ya Kagera, ya mwaka 1978 hadi 1979, iligharimu fedha nyingi. Fedha za kigeni zikawa adimu. Bila fedha hizo, taifa halikuweza kununua vipuri.

Fikiri juu ya mashine kubwa ya kufuma nguo. Ina mamia ya sehemu. Gurudumu moja dogo lenye meno likikatika, mashine yote husimama. Mashine ikisimama, mfanyakazi hukaa bure, na duka hukosa vitambaa. Gurudumu hilo laweza kutoshea kiganjani mwako, lakini limelisimamisha jengo zima!

Viwanda vingi wakati huo vilifanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Watu walipanga foleni kununua sabuni, sukari na nguo. Waulize babu na bibi zako, watakueleza.

Katika shida hiyo, mafundi wengi walionyesha uhodari. Walichonga vipuri kwa mikono. Walitumia vyuma vya magari mabovu. Huko Kibaha, jirani na Dar es Salaam, mafundi na wahandisi wa Mradi wa Nyumbu walitengeneza gari la mizigo, wakaliita Nyumbu, kwa jina la mnyama mvumilivu wa mbuga zetu. Gari hilo lilitembea barabarani. Hata hivyo, lilitengenezwa kwa idadi ndogo, halikufikia kutengenezwa kwa wingi kiwandani.

Hapa tunapata fundisho la pili. Kutengeneza chombo kimoja ni kazi ya uhodari. Kutengeneza vyombo elfu moja vinavyolingana, kwa bei ambayo mtu anaweza kuilipa, ni kazi nyingine kabisa. Inahitaji fedha, vipimo, mashine, mafundi wengi na mipango ya muda mrefu. Mtu mmoja hawezi kuyafanya hayo yote peke yake, hata akiwa hodari namna gani.

6. Kuzaliwa kwa Tume

Sasa unaweza kuelewa tatizo lililokuwapo. Vyombo vilikuwapo vingi: Chuo Kikuu, SIDO, TBS, TIRDO, vyuo vya ufundi, na vituo vya utafiti wa kilimo na afya. Lakini mara nyingi mmoja hakujua mwenzake anafanya nini. Huenda mtafiti wa Mlimani alikuwa na jibu, na fundi wa Chang'ombe alikuwa na swali, nao wasionane kamwe.

Tena, Baraza la UTAFITI, kama jina lake lilivyoonyesha, lilishughulika na utafiti. Nani angelishughulikia jambo lililofuata baada ya utafiti, yaani kugeuza matokeo kuwa chombo?

Mwaka 1985 Serikali ilitoa sera ya kwanza ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sera ni maelezo ya njia ambayo Serikali imekusudia kuifuata. Mwaka uliofuata, 1986, wakati wa urais wa Ali Hassan Mwinyi, Bunge lilitunga Sheria Namba 7 ya kuunda Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Tume ilianza kazi mwaka 1988, ikachukua nafasi ya UTAFITI.

Tazama majina hayo mawili kwa makini. Baraza la kwanza lilikuwa la utafiti wa kisayansi. Tume ni ya sayansi na teknolojia. Neno moja limeongezwa, na kazi imepanuka. Taifa lilikuwa limetambua kwamba safari ya wazo haiishii katika kitabu cha mtafiti.

7. Kazi za Tume

Tume hufanya kazi nyingi. Tutazieleza zile zilizo kubwa.

Kazi ya kwanza ni kuishauri Serikali. Serikali ikitaka kujua ni utafiti gani utangulizwe, au ni teknolojia gani inayofaa kuingizwa nchini, Tume hutoa ushauri.

Kazi ya pili ni kuratibu utafiti. Mtu anayetoka nje na anayetaka kufanya utafiti Tanzania, awe anachunguza samaki wa Ziwa Tanganyika au miamba ya Dodoma, hana budi kupata kibali. Tume ndiyo inayotoa vibali hivyo. Kwa njia hiyo taifa hujua nani anachunguza nini, na hupata matokeo ya uchunguzi huo.

Kazi ya tatu ni kugharimia utafiti. Upo Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia. Watafiti huandika maombi na kueleza wanachotaka kuchunguza. Wataalamu huyapima maombi hayo, na yaliyo bora hupewa fedha.

Kazi ya nne ni kuwasaidia wabunifu. Mbunifu ni mtu anayepata wazo jipya la kutatua tatizo. Si lazima awe amesoma Chuo Kikuu. Miongoni mwa wabunifu waliofikiwa na Tume ni wanavijiji wa Mkoa wa Njombe waliojitengenezea mitambo ya umeme. Waliyaelekeza maji ya mto yaanguke kwa nguvu juu ya gurudumu. Gurudumu likazunguka, likazungusha jenereta, na jenereta ikatoa umeme uliowasha taa za majirani. Mitambo ya namna hiyo huhitaji kupimwa na wataalamu, ili isimdhuru mtumiaji na iweze kutoa umeme mwingi zaidi.

Kuanzia mwaka 2011 jengo la Kijitonyama limekuwa pia na nafasi ya vijana wanaobuni programu za kompyuta na simu. Tena, mwaka 2019 yalianzishwa mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yaliyofanyika Dodoma. Wanafunzi, mafundi wa mitaani na watafiti walileta kazi zao zikaonekana na kupimwa.

8. Mahali ambapo mawazo hukwama

Je, kila wazo jema hufika kwa mwananchi? La. Mawazo mengi hukwama njiani. Hebu tuzitazame hatua tano ambazo wazo hupitia.

(a) Tatizo kuonekana. Mtu anaona kwamba mkaa unatumika upesi mno.

(b) Uchunguzi. Anatafuta sababu. Anagundua kwamba bati linapoteza joto.

(c) Mfano wa kwanza. Anatengeneza jiko moja, analijaribu, anaona kasoro, analirekebisha. Hatua hii hurudiwa mara nyingi.

(d) Kupimwa. Watu wengine wanalijaribu jiko hilo. Wanapima mkaa, muda na usalama.

(e) Kuenea. Mafundi wengi wanafundishwa kulitengeneza, na watu wanalinunua.

Hatua iliyo ngumu kuliko zote aghalabu ni ile ya kutoka (d) kwenda (e). Huenda jiko ni zuri lakini bei yake ni kubwa. Huenda fundi hana fedha za kununulia bati. Huenda mpishi hakuulizwa tangu mwanzo, na jiko halifai kwa sufuria yake. Chombo kisichotumika, hata kikiwa kizuri namna gani, hakijamsaidia mtu.

Ndiyo maana mhandisi mwema huanza kwa kuuliza na kusikiliza. Humwuliza mkulima, mvuvi, mpishi na fundi. Na ndiyo maana taifa huunda chombo cha kuwakutanisha watu hawa na watafiti. Chombo hicho nacho hakiwezi kufanya kazi bila fedha na bila watu wenye elimu. Kazi iliyoanza mwaka 1968 bado inaendelea, na itawahitaji watu wa umri wako.

9. Jaribio: joto hupotea upesi wapi?

Fanyeni jaribio hili mkiwa pamoja na mwalimu wenu. Maji ya moto yamiminwe na mwalimu mwenyewe.

Vifaa: makopo mawili ya bati yanayolingana, kopo moja kubwa au sanduku dogo, maranda ya mbao au vitambaa vikuukuu, vifuniko viwili vya karatasi nzito, kipimajoto, saa, maji ya moto.

Njia:
(1) Weka kopo la kwanza juu ya meza bila kulizungushia kitu.
(2) Weka kopo la pili ndani ya kopo kubwa au sanduku. Jaza maranda au vitambaa pande zote na chini yake.
(3) Mwalimu amimine maji ya moto yenye kiasi kimoja katika kila kopo. Funika makopo yote mawili.
(4) Pima joto la maji katika kila kopo mara moja, kisha kila baada ya dakika 10, kwa muda wa dakika 40.
(5) Andika vipimo vyako katika jedwali lenye safu tatu: muda, kopo la kwanza, kopo la pili.
(6) Rudieni jaribio siku nyingine, mwone kama matokeo yatafanana.

Angalia jambo moja. Makopo yanalingana, maji yanalingana, na muda unalingana. Kitu kimoja tu kinatofautiana, nacho ni maranda. Kwa hiyo, joto likitofautiana, utajua sababu yake. Kama makopo yangelikuwa ya ukubwa mbalimbali, je, ungeweza kuijua sababu hiyo kwa hakika? Watafiti wote, wa Msasani, wa Mlimani na wa nchi nyingine, hufuata kanuni hiyo hiyo.

10. Muhtasari

Sayansi hutafuta ukweli wa vitu. Uhandisi hutumia ukweli huo kusanifu vitu vinavyofaa. Teknolojia ni vyombo, pamoja na ujuzi wa kuvitengeneza na kuvitumia.

Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na wahandisi wazalendo wawili. Baraza la UTAFITI liliundwa kwa sheria ya mwaka 1968, likaanza kazi mwaka 1972. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ikaanza kazi mwaka 1988. Tume huishauri Serikali, huratibu na kugharimia utafiti, na huwasaidia wabunifu.

Maswali

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti baina ya sayansi na uhandisi.
2. Kwa nini jiko la bati lenye udongo ndani hutumia mkaa mchache kuliko jiko la bati tupu?
3. Wafuaji wa Kagera walipataje joto la kuyeyusha chuma?
4. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulileta tatizo gani kwa viwanda vya Tanzania?
5. Tume ilitofautianaje na Baraza la UTAFITI lililoitangulia?
6. Kwa nini kutengeneza gari moja ni tofauti na kutengeneza magari elfu moja?
7. Tembelea karakana iliyo karibu na kwenu, ukiwa na mzazi au mwalimu. Mwulize fundi ni kifaa gani kinachomsumbua zaidi katika kazi yake. Andika tatizo hilo katika daftari lako. Kisha fikirini darasani: mngechunguza nini kwanza ili kumsaidia?